Michoro ya wino juu ya taarab na haki: wino unasambaa, na wimbo unaingiaje kwenye karatasi?

Kalamu ya Temeke

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada wenu.

Natayarisha mfululizo wa michoro ya wino, saizi ya A3, juu ya nyimbo za taarab ya zamani zilizosema habari za dhuluma. Nimeanza na wimbo wa Kijiti wa Siti binti Saad: mwanamke mgeni anauawa, muuaji anatorokea bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio wanaoadhibiwa. Kuna mambo matatu yananikwamisha.

La kwanza ni wino kusambaa. Nachora kwa kalamu ya kuchovya kwenye manila nyeupe, mstari unatoka una manyoya pembeni. Nikipitisha brashi yenye maji ili niweke kivuli, mistari inayeyuka, uso mzima unakuwa kijivu. Wino ni ule wa chupa wa kalamu za kujaza.

La pili, sitaki noti za muziki zinazoelea juu ya kichwa cha mwimbaji. Nyie mnaufanyaje wimbo uonekane bila hizo?

La tatu, michoro itachapwa kwenye kijitabu cha A5 na mingine kwenye fulana. Hilo nilifikirie sasa au nikishamaliza kuchora?

---

Nibu Kavu

Salama mkuu. Hapo una matatizo mawili, karatasi na wino. Ukibadilisha kimoja tu utabaki ulipo.

Manila nyingi zimetengenezwa kwa mabango na majalada. Karatasi ya kuchorea huwekewa gundi kiwandani ili wino ukae juu na kukauka hapo hapo. Gundi ikiwa chache, wino unafuata nyuzi, na ndiyo hayo manyoya. Pwani mambo huzidi wakati wa masika, kwa sababu karatasi hunywa unyevu hata ikiwa kabatini. Kwa hiyo karatasi iliyokaa vizuri mwezi Januari inaweza kukuangusha mwezi Aprili. Iweke bapa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama unachora mistari mitupu, tafuta Bristol laini (karatasi nene ya kuchorea) ya gramu 250 kwa mita mraba. Kama utapaka wino uliochanganywa maji, chukua karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300 yenye uso laini. Usichukue ile yenye chembe, kwani ncha ya nibu hunasa kwenye vinundu na kurusha matone. Chini ya gramu 300 karatasi hujikunja ikilowa, mpaka uibane kwenye ubao kwa utepe wa gundi pande zote nne.

Wino wa kalamu za kujaza ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Maji yakirudi, nao unarudi kuyeyuka. Tena hufifia kwenye mwanga, kwa hiyo haufai kwa kazi ya kutundika ukutani. Unaoutaka ni wino wa kaboni wenye shelaki, ule mweusi wa wachoraji ulioandikwa kwenye chupa kuwa hauingii maji. Shelaki ni utomvu wa wadudu wa laki. Ikikauka inafunga kaboni, na brashi yenye maji inapita juu bila kuvuruga kitu. (Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilizobeba sauti ya Siti zilitengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo. Hilo nakuachia wewe, unaweza kulifanyia kitu.) Wino huu usiutie ndani ya kalamu ya kujaza, utaiziba moja kwa moja. Ni wa kuchovya na brashi tu.

Kabla ya kuanza kazi, fanya jaribio hili kwenye kipande cha karatasi ile ile. Piga mistari minne, miwili myembamba na miwili minene. Pitisha brashi yenye maji kwenye jozi moja baada ya saa moja, na jozi ya pili baada ya saa 24. Joto likiwa na unyevu mwingi, mstari mnene huonekana mkavu juu huku chini bado mbichi. Ukipaka maji mapema, unaachia mkia wa kijivu kuelekea chini. Kwa hali ya Dar acha mchoro ulale usiku mzima.

Nibu mpya hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuzuia kutu. Usipoyatoa, wino utajikusanya kuwa matone, kisha utashuka wote kwa mpigo. Isugue kwa kitambaa chenye spiriti, au ichovye sekunde chache kwenye maji ya moto kisha uifute. Wengine huipitisha kwenye moto wa kibiriti. Inafanya kazi, lakini ukizidisha chuma kinalegea na ncha hairudi ikishapanuka. Kwa anayeanza, nibu ya Nikko G inavumilia mkono mzito. Hunt 102 na Gillott 303 zinatoa mstari mwembamba kabisa, ila ukizisukuma kwenda mbele zinachoma karatasi.

Chovya mpaka nusu ya tundu la nibu, si zaidi, na uguse mdomo wa chupa kabla ya kuja kwenye karatasi. Zima pangaboi au geuza lisikupulize, kwani nibu hukauka katikati ya mstari nawe ukadhani wino ni mbovu. Chini ya kiganja weka karatasi safi. Jasho na mafuta ya mkono hayaonekani mpaka siku ya kupaka kivuli, ndipo unapoona madoa meupe ambako wino umekataa kushika.

Kwa kivuli, tengeneza vikombe vinne kwa bomba dogo la kudondosha matone. Kila kimoja tia mililita 5 za maji, kisha wino tone 1, matone 3, matone 8 na matone 20. Cha tano ni wino mtupu. Anza na hafifu, acha ikauke, ndipo uende kwenye kikombe kizito zaidi. Ikikauka huwa nyepesi kuliko ulivyoiona mbichi, kwa hiyo usihukumu mapema. Maji ya kisima yenye chumvi hugandisha kaboni na kivuli kinatoka na punje punje. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi yanayouzwa kuongezea kwenye betri. Soma lebo vizuri, maana chupa ya asidi ya betri hukaa rafu ile ile. Kilichobaki kwenye vikombe jioni mwaga, kesho hakifai.

Brashi ioshwe papo hapo. Shelaki ikikaukia kwenye manyoya maji hayaitoi tena. Jaribu spiriti, au ile dawa ya vioo yenye amonia.

---

Mwana wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Ya wino ameshayamaliza Nibu Kavu, mimi nijibu la pili.

Usitafute sauti, tafuta shairi. Taarab ya Siti ni tungo kwanza, na tungo ina mifupa inayopimika. Ubeti wa kwanza wa Kijiti una mishororo mitatu. Kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni "ni" na cha mwisho ni "ti". Hayo yote yanahamia kwenye karatasi bila noti hata moja.

Simamisha A3 yako, milimita 297 kwa 420. Acha pambizo ya milimita 20 kila upande, unabaki na 257 kwa 380. Gawa urefu uwe mikanda mitatu ya milimita 120, na nafasi mbili za milimita 10 baina yake. Kila mkanda ni mshororo. Upana ugawe kwa 16, kila mizani inapata milimita 16, inazidi milimita moja tu. Mstari wa katikati ndio kina cha kati. Chora yote haya kwa penseli ya 2H, kwa mkono mwepesi, na uyafute baada ya wino kukauka kabisa.

Sasa vina. Hapo pa kina cha kati weka umbo la kusimama linalorudi katika mikanda yote mitatu: nguzo, shingo ya udi, mtu aliyesimama. Penye kina cha mwisho weka weusi mtupu, kipande kizima cha wino. Jicho litakwenda kulia likute weusi, lirudi, likute weusi tena. Hilo ndilo pigo. Mtazamaji hahitaji kujua mizani ili alisikie.

Mkanda wa tatu ndio pa kuvunja. Umezoesha jicho kukuta weusi mwishoni, basi hapo acha karatasi tupu. Kesi haikufungwa kwa aliyestahili, kina hakikutimia. Lakini fanya hivyo katika mchoro mmoja tu wa mfululizo wako. Ukirudia katika wa pili na wa tatu, watu watadhani wino ulikwisha.

Jambo jengine ni nini hasa cha kuchora. Maiti usiichore. Wimbo wenyewe uzito wake uko kwenye hukumu: nani kasikilizwa na nani kapewa adhabu. Chora mashahidi wamesimama, wametupa mgongo, wanaielekea meza ya hakimu. Na hapa kanga inakusaidia, kwa sababu kanga ikivaliwa kiunoni, jina lake, yaani yale maandishi, huangukia nyuma. Shahidi aliyetupa mgongo anasema kwa jina la kanga yake huku mdomo wake hatuuoni.

Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina kwenye sehemu ya chini ya mji. Kipimo chake ni kama sentimita 150 kwa 110. Watu wengi huchora pindo jembamba kama la kitambaa cha meza, ikawa si kanga tena. Lipe upana wa kutosha, na ulikunje pamoja na nguo. Usilipitishe bapa juu ya mikunjo. Chora mikunjo kwanza kwa penseli, kisha ukate umbo la pindo kila linapoingia ndani ya mkunjo.

Angalia na zama zake. Siti alikwenda Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri, mwaka 1928. Miaka hiyo majina ya kanga yalikuwa yakiandikwa kwa hati ya Kiarabu, herufi za Kirumi zilitawala baadaye. Ukimvisha shahidi wa miaka ya 1920 kanga yenye jina la herufi kubwa za Kirumi, mtu wa Unguja ataliona kabla hajaona jengine lolote. Kama hati hiyo huiwezi, mpe anayeisoma akukague kabla ya wino. Kiswahili kina sauti kama "p", "ch", "g" na "v" ambazo kwa Kiarabu cha kawaida hazina herufi, zahitaji alama zake. Na ukihamisha rasimu kwa kugeuza karatasi na kusugua penseli nyuma, hati yote inageuka kama ya kwenye kioo. Tumia meza ya taa au dirisha.

Ala nazo. Udi si gita. Una nyuzi 11, jozi tano na mmoja peke yake. Hauna vikato shingoni, kichwa chake kimevunjika kurudi nyuma, karibu pembe mraba. Mkono wa kulia unaingia kwa kupita juu ya tumbo la udi na umeshika risha ndefu ya kupigia nyuzi. Ukimwekea mpigaji vigingi sita na shingo ndefu, umechora kitu cha dukani. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa bapa, kama utaichora katika nyimbo nyengine, upande mrefu unakuwa kwa mpigaji, vigingi viko kushoto kwake kwenye ule upande wa mshazari, na daraja liko kulia juu ya ngozi.

---

Fremu Saba

Swali la tatu: fikiria uchapaji sasa hivi, kabla hujachovya.

Kutoka A3 kwenda A5 kila urefu unakuwa nusu. Mstari wa milimita 0.25 unakuwa 0.125, na hapo printa nyingi zinaanza kuukatakata. Kwa hiyo kwenye A3 mstari wako mwembamba kabisa usishuke chini ya milimita 0.3. Ukitumia kalamu za Pigma Micron kwa vipande vidogo, namba iliyoandikwa kwenye kalamu si milimita: 01 ni 0.25, 03 ni 0.35, 05 ni 0.45. Anzia 03.

Nafasi baina ya mistari ya kivuli nayo inapungua. Chukua hiyo ganuni aliyoitaja Mwana wa Ng'ambo. Ganuni ya nyuzi 78 ina makundi 26 ya nyuzi tatu tatu. Ukiichora ikiwa na upana wa milimita 60 kutoka uzi wa kwanza hadi wa mwisho na ukaweka nyuzi zote, nafasi ni milimita 0.77. Kwenye A5 inabaki chini ya 0.4, ukiondoa unene wa mistari yenyewe imebaki rangi ya kijivu isiyo na uhai. Chora mistari 26, mmoja kwa kila kundi. Nafasi inakuwa 2.3 na macho yanaamini.

Nyuzi zipigwe kwa rula, ila rula ikikaa bapa wino unapita chini yake na kufanya doa refu. Bandika sarafu mbili chini ya rula kwa utepe, ukingo uinuke kidogo.

Kuskani: mistari mitupu skani kwa nukta 1200 kwa inchi, mchoro wenye vivuli 600 kwa kijivu inatosha. A3 kwa 600 ni pikseli 7016 kwa 9921, kama megabaiti 70, kompyuta ya kawaida inaweza. Kama una skana ya A4, skani nusu mbili zinazopishana angalau sentimita 3, bila kugeuza mchoro katikati ya kazi. Taa ya skana inamulika upande mmoja, na ukigeuza, chembe za karatasi zinaonyesha vivuli viwili tofauti, maungio yanaonekana.

Fulana ni habari nyingine. Uchapaji wa skrini haujui kijivu, unajua wino upo au haupo. Kivuli cha maji kitabidi kigeuzwe kuwa nukta, na kwenye kitambaa cha pamba nukta ndogo hufumba. Michoro inayokwenda kwenye fulana ichore kwa mistari na weusi mtupu, basi. Binafsi ningefanya mfululizo wote hivyo. Vivuli vya maji ni vizuri ukutani, lakini mchoro wa haki unaotaka kufika mbali ni ule unaopita kwenye mashine mbovu ya fotokopi ukatoka ukisomeka.

Kitu kimoja zaidi. Picha ya kumbukumbu unayoitazama ina mwenyewe. Usinakili picha moja mstari kwa mstari. Kusanya kadhaa, mkao uwe wako. Na ukitaka kuweka maneno ya wimbo kwenye kijitabu cha kuuza, ulizia kwanza kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa bara na COSOZA kwa Zanzibar.

---

Kalamu ya Temeke

Ahsanteni sana wakuu, mmenifungua. Mikanda mitatu nimeshaipima, inakaa kama alivyosema Mwana wa Ng'ambo. Nina maswali mawili ya nyongeza. Doa likishaanguka kwenye Bristol linatolewaje? Na wino wa masizi wa kutengeneza nyumbani unafaa kwa kazi hii, au ni mapambo tu?

---

Nibu Kavu

Doa: usiliguse likiwa bichi, isipokuwa kunyonya tone kwa ncha ya tishu bila kufuta. Acha likauke kabisa. Kisha chukua wembe mpya, ulaze karibu bapa, ukwangue kwa mikwaruzo mifupi ya upande mmoja. Bristol ya gramu 250 inaruhusu kwa sababu wino umekaa juu, ndiyo faida ya ile gundi. Ukimaliza, weka karatasi safi juu yake na usugue kwa mgongo wa kijiko mpaka nyuzi zilale. Mstari mpya hapo uchore kwa kalamu ya Pigma, maana gundi ya juu umeshaikwangua na nibu yenye wino mwingi itasambaa. Rangi nyeupe ya kufunika inafaa kwa mchoro wa kuchapwa tu. Ukutani inaonekana, hasa mwanga ukitoka pembeni.

Masizi: unafaa sana kwa vivuli, haufai kwa mistari itakayopitiwa maji. Kinachoufunga ni gundi ya mti, na gundi ya mti huyeyuka tena. Kwa hiyo geuza mpangilio. Paka vivuli vya masizi kwanza, acha vikauke, mistari ya wino wa shelaki ije juu mwishoni, na baada ya hapo maji yasiguse tena.

Anzia na masizi gramu 10, gamu arabiki (ndiyo hiyo gundi ya mti) gramu 10, maji mililita 60. Gamu iloweke usiku kucha kwenye maji hayo na uichuje kwa kitambaa. Masizi yana mafuta, ukiyamwagia maji yanaelea tu, kwa hiyo yalowanishe kwanza kwa matone machache ya spiriti mpaka yawe uji mzito, ndipo uongeze maji ya gamu kidogo kidogo huku unasaga. Saga kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Masizi ya taa ya mafuta ni laini, ya chini ya sufuria ya kuni yana mchanga na majivu, yatakwaruza. Matone mawili ya mafuta ya karafuu yanazuia ukungu. Wino ukipasuka ukikauka, gamu imezidi. Ukikauka kisha ukabaki kwenye kidole unapousugua, gamu ni chache.

---

Mwana wa Ng'ambo

Kwa vivuli vya nguo masizi yanaweza kutoa weusi tofauti kidogo na wa wino wa dukani. Ukivitumia pamoja katika mchoro mmoja, kanga za mashahidi kwa masizi na meza ya hakimu kwa wino wa dukani, tofauti inaonekana ukutani ingawa kwenye kijitabu itapotea. Jaribu kwenye kipande kwanza.

---

Fremu Saba

Kwenye kijitabu itapotea kabisa, ndiyo. Na ukiweka fremu, kioo kisiguse mchoro. Weka kadibodi ya milimita 3 kuzunguka ndani. Kwa unyevu wa pwani karatasi iliyogusana na kioo hunata, na siku ukiitoa sehemu ya masizi inabaki kwenye kioo.